Hiroshima siku moja tu, niende wapi?

mtoto_wa_wete
Assalaam alaykum jamaa. Mwezi wa kumi nakwenda Japani inshallah, mafunzo ya wiki sita mambo ya maji, tutakaa Osaka na tumepewa Jumapili moja huru. Wenzangu wote wanataka madukani, mie roho yangu inataka Hiroshima, naambiwa treni ya mwendo kasi ni kama saa moja na nusu tu. Sasa tabu ni mama, kashikilia nisende, anasema sumu ya lile bomu la atomiki la 1945 haijatoka ardhini na mie bado sijazaa. Halafu nkiangalia picha naona lile jengo la kuba tu, watu wamesimama mbele yake wanacheka utafikiri Forodhani. Kuna kingine cha kuona? Na ni kweli kuna vitu vilivokuwepo siku ile na viko hai mpaka leo au ni stori za mitandao?

fundi_chukwani
Waalaykum salaam. Mwambie bi mkubwa asikhofu. Lile bomu liliripuka juu, kama mita 600 toka ardhini, halikupiga chini, kwahiyo ardhi haikubakia na sumu nyingi, mionzi mikali ilikuwa ya dakika ile na siku za mwanzo (na ile mvua nyeusi iliyonyesha baadae, hiyo iliwadhuru watu kweli). Leo mji una watu zaidi ya milioni, wanazaa kama kawaida. Watu wanachanganya na Chernobyl, kule ni kinu cha nyuklia kilichoungua siku kadhaa, mambo mengine kabisa.

kibibi_mkunazini
Mie nlikwenda, na nakwambia picha na lile kuba piga mbili tatu upite. Lilikuwa jumba la maonesho la 1915, liko mita 160 tu na pale bomu liliporipukia juu yake, ndo mana kuta zikasimama, kishindo kilitoka juu hakikuja ubavuni.

Vitu hai vipo, ni miti! Wanaiita hibakujumoku, yani miti iliyopigwa na bomu ikanusurika, iko kama 160 ndani ya kilomita 2 toka pale liliporipukia, kila mmoja una kibao chake kimeandikwa mita ngapi toka hapo katikati. Upo mrefu unaitwa aogiri karibu na makumbusho, huo ulikuwa kwenye ua wa ofisi moja ya posta na simu kilomita 1.3 toka bomu liliporipukia, ukahamishwa 1973. Nenda nyuma yake. Ubavu mmoja umeliwa wote, shina tundu tupu, na gome limejikunja huku na huku kama midomo ya jeraha lililoshonwa na fundi mbovu, halafu unyanyue macho juu, majani mapana mabichi kama mkungu wa nyumbani. Nlisimama pale mpaka mwenzangu akanivuta mkono. Na kuna mwerebi uliokuwa mita 370 tu toka katikati, shina lilianguka ukachipua mizizini.

Makumbusho nlilipa yen 200, rahisi kuliko chapati na soda. Humo kuna baiskeli ya matairi matatu ya mtoto wa miaka 3, baba yake alimzika nayo uani, miaka 40 baadae alipohamisha kaburi akaitoa wakapewa makumbusho. Usile kabla ya kuingia. Na baada yake pia chunga, okonomiyaki ya mjini pale hutiwa nguruwe, waambie mapema.

Karafuu_1872
Sawa, lakini mbona hatusemi Wajapani wenyewe walifanya nini Korea na China? Kila mwaka tarehe 6 Agosti tunalizwa sisi.

kibibi_mkunazini
Ami, hilo halikufichwa. Kuna mnara wa Wakorea waliokufa pale, wengi waliletwa kufanyishwa kazi, ulijengwa 1970 nje ya bustani na 1999 ndo ukaingizwa ndani. Miaka yote hiyo ugenini hata kwa kufa! Mie nnayetembeza wageni Mkunazini kwenye soko la watumwa, hilo nalijua, jiwe linaweza kuwekwa na bado ukauliza limewekwa upande gani.

Karafuu_1872
Haya, hapo umenishika. Basi na mie namuongeza huyu kijana: siku ile ya bomu walikuwepo Hiroshima wanafunzi wa Kimalaya, Waislamu wenzetu. Nik Yusof kazikwa hekalu la Kozenji, Hiroshima hiyohiyo, Syed Omar alifia Kyoto tarehe 3 Septemba 1945, kazikwa hekalu la Enkoji hukohuko. Kyoto ni nusu saa tu toka Osaka kwa treni. Ukamsomee Fatiha, kwao mbali.

Na hilo la miti limenikumbusha babu yangu, alikuwa akihadithia kimbunga cha 1872 kilivyoiangusha mikarafuu ya Unguja, sisi Pemba tukasalimika ndo tukawa na karafuu mpaka leo, alikisikia kwa babu yake na anakuhadithia kama alikuwepo.

mtoto_wa_wete
Ahsanteni mno. Nlitaka pia kumuona mzee aliyeyaona kwa macho, inawezekana?

fundi_chukwani
Wamekwisha wengi. Mwaka 2025 walishuka chini ya laki moja, wastani wa umri umepita 86. Chama chao ndo kilipewa Nobel ya amani 2024. Lakini wapo waliofunzwa kusimulia kwa niaba yao, wanakaa pale makumbusho, ni bure, na Kiingereza kipo. Panda na tramu, namba 651 na 652 zilikuwemo mjini siku ile na bado zinatembea, ijapokuwa hazitoki kila siku.

mtoto_wa_wete
Mama kakubali! Ila kaniagiza mbegu ya huo mti wenye tundu apande uani Wete.

kibibi_mkunazini
Mbegu usiokote ukatia mfukoni, uwanja wa ndege watakupekua. Wenyewe huzipeleka nchi za nje kwa utaratibu wao, kwenye mabustani na vyuo. Mpigie picha ya nyuma, sio ya mbele.