Kazi yangu ni kompyuta kutwa nzima. Nitapunguzaje kukaa kwenye kompyuta?

Mchapaji_Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, picha za pasipoti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Msimu wa vijana kuomba mikopo ya chuo sina tatizo lolote, foleni inafika barazani na hata chai sinywi. Shida ni miezi mingine.

Mteja akishachukua karatasi zake, kabla hajavuka mlango mkono wangu umeshashika mausi na YouTube iko wazi. Wala sijaamua. Naanza na magoli ya jana, inafuata video ya pembeni, halafu nyingine, mpaka mtu agonge kaunta kwa sarafu ndipo nashtuka. Juzi mzee mmoja wa Ujiji aliyeleta mkataba wa kiwanja kuchapwa aliniuliza, "Mwanangu, macho mekundu hivyo, unaumwa?"

Jioni naondoka na laptop eti nimalizie kazi. Mke na watoto wanalala, mimi niko sebuleni mpaka saa saba usiku. Mwanangu wa darasa la pili siku hizi akitaka kunieleza jambo anashika mashavu yangu kwa mikono yote miwili, anageuza uso wangu upande wake, ndipo anaanza kusema. Hilo linaniuma kuliko macho.

Naomba msiniambie "achana na kompyuta". Ndiyo inayolipa pango na ada. Kutonunua bando nako haiwezekani, fomu zote ziko mtandaoni. Nawauliza hasa wanaofanya kazi kama yangu: mlifanyaje?

Kijana_wa_Gungu
Nidhamu tu mkuu. Ukiamua umeamua, hakuna cha zaidi.

Nesi_Ujiji
Kijana_wa_Gungu, sikubaliani nawe. Hivi vitu vimetengenezwa na watu wanaolipwa ili wewe usiondoke. Ule ukurasa unaoshuka bila mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani aitwaye Aza Raskin, na baadaye yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia. Zamani zaidi kulikuwa na mwanasaikolojia B. F. Skinner aliyefanya majaribio na njiwa: njiwa asiyejua ni mdonoo wa ngapi utamletea punje alidonoa bila kuchoka, kuliko yule aliyekuwa na uhakika. Video moja mbaya, mbili mbaya, ya tatu nzuri sana. Ndivyo unavyoshikwa. Kumwambia mtu ajikaze tu ni kumwachia mzigo peke yake.

Mchapaji, kuhusu macho: mtu akikazia skrini anapepesa kope mara chache kuliko kawaida, kwa hiyo jicho linakauka, linawasha na kuwa jekundu. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Wewe uko barazani, tazama ng'ambo ya barabara. Usiku nao, mwanga wa skrini unachelewesha ile homoni inayoleta usingizi, ndiyo maana hata ukizima saa saba bado unajigeuzageuza kitandani. Wekundu usipoisha, nenda ukapimwe macho, usinunue dawa ya matone kienyeji.

Fundi_Kompyuta_Tbr
Mkuu, niko Tabora, natengeneza kompyuta. Fanya hivi. Ingia kwenye akaunti yako ya YouTube, zima historia ya kutazama na uifute yote. Ukurasa wa mbele utabaki mtupu, hakuna video inayokuita, na ukitaka kitu lazima ukiandike kwa jina. Zima pia ile ya video kujiendeleza yenyewe.

Bado ukiona mkono unakwenda, fungia kabisa. Kwenye Windows nenda folda ya System32, ndani yake drivers, halafu etc, utakuta faili linaitwa hosts. Lifungue kwa Notepad, chini kabisa andika 127.0.0.1 acha nafasi www.youtube.com, na mstari wa pili hivyo hivyo bila www. Hifadhi, zima kivinjari na ukiwashe upya. Inafunga YouTube kwenye kompyuta nzima, haijalishi akaunti gani. Kuifungua unaweza, lakini ni safari, na ukiwa njiani utakuwa umeshakumbuka kwamba hukutaka.

Mzee_wa_Kibirizi
Mdogo wangu, nilikuwa na intaneti kafe enzi zile watu wanalipia kwa nusu saa, kwa hiyo unachosema nakijua. Ya mafundi na manesi ni sawa, yafuate. Ila mimi naona tatizo lako liko katikati ya mteja na mteja. Muda ule hauna kazi yake, ndiyo maana kompyuta inauchukua.

Njoo huku Kibirizi siku za mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa, wavuvi hawaingii ziwani, lakini huwakuti wamekaa bure: huyu anashona wavu, yule anakalafati mtumbwi. Na wewe tafuta kazi ya mikono ya kungojea mteja. Kukata picha, kubana vitabu, kupanga karatasi, kufuta vumbi kwenye mashine ya kopi (na vumbi la kiangazi hapa kwetu unalijua). Iweke juu ya kaunta ionekane, usiifungie kabatini.

La pili, geuza meza. Kioo cha kompyuta kitazame barabarani, wewe uipe barabara mgongo. Kila apitaye ataona unachotazama. Mimi nilipogeuza yangu, mambo yalibadilika siku ile ile. Na kiti chenye magurudumu kiondoe, weka stuli.

Mchapaji_Mwanga
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Dada nesi, umenifungua macho, nilidhani ni udhaifu wangu peke yangu.

Meza nimeshaigeuza. Kweli, leo wanafunzi wa sekondari wamesimama nyuma yangu, nikaona aibu kufungua chochote kisicho kazi. Mgongo kwa mlango ulinitia wasiwasi kidogo kwa ajili ya wezi, kwa hiyo nimetundika kioo cha kinyozi ukutani. Rundo la picha za pasipoti zisizokatwa liko hapa mbele yangu. Laptop kuanzia leo inalala dukani, kabatini, na ufunguo anabeba mke wangu. Amekubali haraka sana.

Fundi, historia nimeifuta. Ila faili la hosts linakataa kuhifadhi, linasema sina ruhusa. Nifanyeje?

Fundi_Kompyuta_Tbr
Usilifungue moja kwa moja. Tafuta Notepad kwanza, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator, halafu ukiwa ndani ya Notepad ndipo ulifungue faili. Hapo chini chagua ikuonyeshe mafaili yote, la sivyo hutaliona. Wakati wa kuhifadhi angalia lisije likajiongezea .txt mwishoni, maana likiwa hivyo halifanyi kazi. Ikigoma tena niandikie pembeni.