Vidonge vya kutoa mimba na maji ya hori la Tudor

Bi Kidagaa, Tudor:
Asalamu alaykum. Mimi nauza samaki, vijana wangu wavua hapa horini, Mombasa. Nasikia Marekani wapo wanaotaka vidonge vya kutoa mimba vibanwe kisheria kwa hoja kwamba vyachafua maji. Yana ukweli haya? Samaki wapungua, ndiyo maana nauliza.

Mfamasia wa Mwembe Tayari:
Wa alaykumu salaam, mama. Wapo kweli. Novemba 2022 kundi la Students for Life of America lilipeleka ombi la namna hiyo kwa FDA, mamlaka ya dawa ya huko. Kwenye mabunge ya majimbo kadhaa ikaletwa miswada, mingine ikitaka mwanamke apewe mfuko wa taka za hospitali akusanyie kinachomtoka nyumbani kwake.

Lakini athari za mifepristone, ndiyo dawa yenyewe ya kutoa mimba, kwa mazingira zilitathminiwa 1996, kabla dawa haijaidhinishwa mwaka 2000, na hayakuonekana madhara makubwa. Angalia kiasi chenyewe: kidonge kimoja cha miligramu 200, mara moja, kisha dawa ya pili, misoprostol. Kaunta yangu yatoa diclofenac ya maumivu na antibiotiki kutwa kucha, na nyingi zaishia chooni.

Dawa kudhuru samaki, hilo lipo. Kanada watafiti walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi ndani ya ziwa dogo, 2001 hadi 2003, nanogramu tano au sita kwa lita, kiasi kidogo mno. Aina moja ya visamaki karibu iishe kabisa. Basi mwenye uchungu na maji adai maji taka yasafishwe dawa zote. Kuchagua hii moja ya wanawake, halafu kumfuata mtu hadi chooni na mfuko, mimi naona ni ukatili.

Dereva wa lori la choo, Changamwe:
Mtambo wa kusafisha maji taka uko Kipevu, huku bara. Kisiwani vyoo vya nyumba nyingi ni mashimo yaliyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na kisima kiko papo hapo uani. Masika yakipiga, yote yateremka horini. Kaanzieni hapo.

Abu Salim, Kisauni:
Mimi kutoa mimba napinga, na Katiba yetu kifungu cha 26(4) imeweka mipaka. Lakini anayepinga na aseme anachopinga. Samaki wasisingiziwe.

Bi Kidagaa, Tudor:
Ahsanteni wanangu. Na dawa zilizopitwa na muda? Mamangu, Mungu amrehemu, aliacha mfuko mzima.

Mfamasia wa Mwembe Tayari:
Usizimwage chooni wala jaani, mama. Niletee dukani, tutazipeleka zikateketezwe.