Tumelipa Sh 420,000 kila mmoja kwenda kupiga kambi Rubondo, tukavushwa ziwa watu 14 kwa majaketi manne

Wakuu, nimekaa siku tisa nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nilikwenda Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, na mdogo wangu wa kike, binti yake wa miaka 9, na wengine tuliokutana nao siku ile ile. Jumla 14. Kampuni iliyoandaa safari siitaji jina. Ni ya hapa hapa Mwanza, na tangazo lake lilisema kila kitu kimo ndani: gari, boti, viingilio, ada ya kambi, mahema, chakula, na kuwaona sokwe "kwa uhakika". Siku tatu, usiku mbili.

Tuliambiwa tuwe Nyegezi saa 12 asubuhi. Gari lilifika saa 4 na nusu. Maelezo tuliyopewa ni kwamba lilitokea Geita likakwama kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Foleni gani jamani? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, gari linavuka kwa dakika chache. Mtu anayeweza kukudanganya jambo ambalo kila mkazi wa Mwanza analijua ataweza kukudanganya lolote. Pale pale ningemshika mdogo wangu mkono tukarudi nyumbani.

Mwaloni Nkome, pale boti zinapotia nanga, tulifika saa 9 alasiri. Tukakuta boti ya mbao yenye injini moja ya kupachika. Wakapakia watu 14, nahodha na msaidizi wake, mahema, ndoo za maji, mtungi wa gesi na makreti ya soda. Nikauliza majaketi ya kuokolea yako wapi. Yakavutwa manne kutoka chini ya ubao, mawili kati ya hayo mikanda imekatika. Nikauliza mengine. Yule kijana kiongozi wa safari akanijibu: "Kaka, ziwa limetulia, ni hapo tu."

Mimi ni mtu wa Ukerewe. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia gati la Ukara, kivuko cha watu 101 kikiwa kimejazwa kupita kiasi, na waliokufa ni 228. Ukara nayo ilikuwa hapo tu. Ya MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996, sina haja ya kumsimulia mtu wa kanda hii, nyumba nyingi zina kaburi lake. Halafu mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye ziwa hili hili anachukua laki nne na ushee zangu, ananionyesha majaketi manne kwa watu 16, ananiambia ziwa limetulia!

Nikagoma kupanda. Wakagoma wengine wawili. Tukajibiwa kwamba asiyepanda abaki mwaloni na pesa hairudi. Mdogo wangu akaanza kulia, wengine wakaanza kulalamika kwamba tunawachelewesha, mwisho tukapanda. Jaketi la mtoto lilikuwa la mtu mzima, nikamfunga nalo kwa kamba ya hema. Tuliondoka saa 10 na nusu jioni, muda ambao mvuvi yeyote atakwambia upepo umeshaamka. Katikati ya safari mawimbi yakaanza kuingia ndani. Tulichota maji kwa sufuria la kupikia wali, watu wazima tunapokezana, mtoto amekaa katikati yetu ameng'ang'ania mguu wangu, haongei. Hakuongea mpaka tumeshuka.

Kageye, kituo cha hifadhi kule kisiwani, tulifika jua linazama. Askari wa hifadhi akatuhesabu, akaangalia malipo: watu 9. Ada ya kambi imelipwa ya usiku mmoja. Ya sokwe, hakuna kabisa. Tukasimama pale tumelowa, tunatazamwa kama watu waliotaka kuingia kwa wizi, wakati kila mmoja wetu ana risiti ya kampuni kwenye simu. Yule kiongozi akasema ofisi itarekebisha kesho. Tukachanga wenyewe usiku ule. Wale askari nawashukuru, walitupa chai ya moto kabla hata malipo hayajakamilika.

Mahema nayo. Mawili zipu zimekufa. Na yalifungwa kwenye njia ya viboko! Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hupita njia yake ile ile, nyayo zilikuwa zinaonekana pale chini kwa mtu yeyote mwenye macho. Askari ndiye aliyekuja na tochi akatuhamisha saa 3 usiku. Kampuni inayouza kambi za porini haijui kusoma nyayo za kiboko?

Kuhusu fulana: walitugawia fulana za bluu iliyokoza zenye nembo yao, tupigie picha. Rubondo kuna mbung'o, na mbung'o hufuata rangi ya bluu na nyeusi. Mikono ya yule mtoto ilivimba siku mbili.

Sokwe hatukuwaona, na hilo silo linaloniudhi. Wale ni wanyama wa msituni sasa, vizazi vya wale 17 walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Huwezi kumwahidi mtu "uhakika" juu yao. Kinachoniudhi ni kupokea pesa ya kitu ambacho hata hukukilipia.

Na kisiwa ni kizuri mno, ndiyo maana naumia. Asubuhi ya pili tulimwona nzohe, swala wa majini, amesimama kwenye matete, furukombe wanaitana juu, hakuna kelele ya injini wala muziki. Mdogo wangu alikuwa ameweka akiba miezi saba ili mwanaye aone hicho. Anachokumbuka mtoto ni boti.

Nilipodai marejesho walinitumia ujumbe mmoja: "Soma vigezo na masharti." Baada ya hapo simu hazipokelewi. Nimewaomba leseni yao ya biashara ya utalii, kimya.

Kwa mnaopanga kwenda: kabla hujalipa senti, dai kuona leseni, dai namba ya malipo ya hifadhi yenye idadi yenu kamili, na uliza majaketi mangapi na ya saizi gani. Wakiguna, ondoka.

Kwa wenzangu tuliosafiri pamoja: nina picha za yale majaketi manne na video ya maji ndani ya boti. Wenye risiti za tulichochanga getini naomba mnitumie PM kabla ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi napeleka kila kitu TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na nakala wizarani.