Msaada: fundi wa kukagua meko na dohani ya nyumba ya zamani, Njombe

MgeniWaBaridi

Wakuu, habari za majukumu. Nakamilisha mauziano ya nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma hapa Njombe. Sebuleni ina meko ya ukutani, mdomo wake upana sentimita 90 na kimo 75, na dohani inapita darini hadi juu ya bati. Misimu kadhaa haijawashwa. Muuzaji anasema inavuta vizuri, lakini ukuta juu ya meko umeshika weusi, na darini kuna doa la kahawia pale dohani inapotokea.

Fundi mmoja amechungulia kwa tochi ya simu dakika tano, akasema ni nzima, ipigwe plasta ya saruji kwa ndani tu. Nimtafute fundi wa aina gani, akague nini hasa, na nitajuaje kazi imefanyika? Kuni za huku ni miwati, milingoti na masalia ya misindano. Nataka iwe tayari kabla ya Juni.

Mwashi_NyandaZaJuu

Mkuu, dakika tano kwa tochi ya simu si ukaguzi. Dohani hukaguliwa kutoka sehemu tatu: ndani ya meko, darini, na juu ya paa. Asiyepanda darini hajakagua, hata awe na uzoefu gani, maana nyumba huungua kuanzia darini.

Wamarekani wana kiwango cha chama chao cha kuzuia moto, kiitwacho NFPA 211, kinachogawa ukaguzi katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya kila mwaka kwa meko inayotumika bila mabadiliko: vinaangaliwa vinavyofikika bila kufungua kitu. Ya pili ni pale nyumba inapouzwa, kuni zinapobadilishwa kuwa gesi au kinyume chake, au baada ya dohani kuwaka moto. Hapo lazima kuingia darini na kupitisha kamera ndani ya njia ya moshi. Ya tatu ni kubomoa sehemu ya ukuta kwa sababu ngazi ya pili imeonyesha hatari iliyojificha. Kiwango hicho hakitubani sisi, lakini mgawanyo wake unafaa sana kwa makubaliano. Wewe unanunua nyumba, kwa hiyo dai ngazi ya pili.

Kuhusu fundi, tafuta mwashi, si fundi wa rangi wala wa bati. Cheti cha uashi cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) ni mwanzo mzuri, ila hakitoshi, kwa kuwa waashi wengi hawajawahi kujenga meko. Mpime kwa maswali. Muulize rafu ya moshi iko wapi na kazi yake nini. Muulize mbao zikae umbali gani na dohani. Muulize atapimaje kama njia ya moshi inatosha mdomo wa meko. Akibabaika kwenye hayo matatu, mshukuru na uendelee kutafuta. Vifaa vyake viwe: tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo cha kushika mkononi, futi, ngazi ya kufika juu ya paa, brashi, na kamera ndogo ya waya mrefu inayounganishwa na simu. Kamera hiyo iwe na taa yake, na waya ufike juu kabisa.

Atakavyokwenda, kuanzia chini: aangalie tofali za ndani ya tumbo la meko na maungio yake. Akichokonoa kwa bisibisi na mota ikamwagika kama mchanga, imekwisha. Kisha kizibo cha bati kooni, yaani pale panapobana juu ya tumbo: kifunguke na kufungwa chote, kisiwe kimepinda. Kizibo kilichopinda ni dalili kwamba moto mkubwa uliwahi kupita hapo. Nyuma ya koo kuna rafu ya moshi, ambapo hukusanyika masizi, mota iliyoanguka na viota. Halafu chumba cha moshi, ile sehemu inayobanana kuelekea njia yenyewe. Kuta zake ziwe laini, kwa sababu tofali zilizoachwa kama ngazi huzuia moshi na kushika masizi.

Darini ndipo atumie muda mwingi. Kenchi, papi na mbao za dari zikae angalau sentimita 5 kutoka uso wa dohani iliyo ndani ya nyumba. Katika nyumba za zamani utakuta boriti imeingizwa kabisa kwenye ukuta wa dohani ili ipate pa kulalia. Hiyo ni sababu tosha ya kutowasha meko. Mbao iliyopata joto kwa miaka mingi hubadilika ikawa kama mkaa, na ikifika hapo hushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Aguse mbao zilizo karibu na kuzikwangua kwa kisu: weusi ukiwa umeingia ndani, si vumbi la juu tu, apige picha. Atafute pia mistari ya masizi kwenye maungio ya tofali. Moshi unaochora mstari darini unaonyesha ufa palepale.

Juu ya paa: dohani ipite bati kwa sentimita 90 au zaidi, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, ukiwemo mgongo wa paa. Slabu ya kichwani isiwe na nyufa, na kuwe na kofia yenye wavu wa kuzuia ndege na cheche.

Tahadhari moja: kama paa ni la vigae vya asbesto, kama lilivyo kwenye majengo mengi ya zamani, asivikanyage moja kwa moja wala kuvitoboa. Vile vikikaa muda mrefu huvunjika chini ya mguu, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Aweke ngazi ya kulala juu ya paa inayogawa uzito, au akague dohani kutoka kwenye jukwaa.

Kuni_na_Moshi

Naongezea kwenye masizi, hasa kwa kuni ulizotaja.

Usimruhusu mtu asafishe kabla ya mkaguzi kuona. Masizi ni ushahidi. Yako aina tatu. Ya kwanza ni unga mweusi mkavu, brashi inatoa. Ya pili ni vipande vinavyong'aa, vigumu kiasi kama makoko ya ugali, nayo inatoka kwa brashi ya waya na nguvu. Ya tatu ni lami iliyoganda, imemwagika ukutani kama rangi nyeusi, na kucha haiingii. Hiyo haitoki kwa brashi. Fundi akianza kuigonga kwa nyundo au kuzungusha minyororo, anapasua ukuta wa ndani ya dohani na kukuachia tatizo kubwa kuliko la awali.

Kipimo chake: akwangue kwa msumari hadi afike kwenye tofali, kisha apime unene. Milimita 3 inatosha kusema isafishwe kabla ya kuwashwa. Ikifika 6 asikuambie kwamba unaweza kusubiri mwisho wa msimu.

Wengi huilaumu misindano. Utomvu wake kweli unatoa moshi mwingi, lakini kosa kubwa ni maji. Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji, moshi unapanda ukiwa wa baridi, unagusa ukuta wa dohani na kuganda kama umande. Mwati uliokatwa juzi utakuletea lami kuliko msindano uliopasuliwa na kukaushwa miezi sita chini ya paa lenye upepo. Lengo ni unyevu chini ya asilimia 20. Bila kipimo, gonga magogo mawili: makavu hulia kwa sauti kali, mabichi hutoa mlio mzito. Angalia na ncha, zile kavu zina nyufa zinazotoka katikati.

Na kama kuna nyuki, ambao hupenda sana dohani iliyokaa bila moto, usiwafukuze kwa kuwasha meko. Nta inayeyuka, inatiririka na kuwaka humo ndani. Ita mrina asali jioni, atoe masega yote, ndipo ukaguzi ufanyike.

MgeniWaBaridi

Asanteni sana, wakuu. Leo nimepima kwa msaada wa kijana mwepesi: njia ya moshi ni sentimita 20 kwa 20 kwa ndani. Je, ule weusi juu ya meko unahusiana na hilo? Na plasta ya saruji niikatae?

Mwashi_NyandaZaJuu

Weusi ule una maelezo yake sasa. Kanuni ya kazi ni kwamba eneo la njia ya moshi liwe sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko. Mdomo wako ni 90 mara 75, yaani sentimita za mraba 6,750. Unahitaji njia ya 675, karibu 26 kwa 26. Ulichonacho ni 400. Moshi unaozidi unarudi sebuleni, haijalishi dohani ni safi kiasi gani.

Kupanua dohani ni kuijenga upya. Rahisi ni kupunguza mdomo. Njia ya 400 inabeba mdomo wa 4,000, kwa mfano upana 75 na kimo 53. Weka tofali za kusimama pande zote mbili, kila upande ukipungua 7.5, inua sakafu ya meko kwa safu mbili, kinachobaki juu kifunikwe kwa bamba la chuma.

Kabla ya kujenga chochote, jaribu. Hili lifanyike tu kama kamera na dari vimeonyesha hakuna ufa wala mbao iliyogusana na dohani. Washa moto mdogo, fungua dirisha moja, kisha shika kipande cha bati juu ya mdomo wa meko na ukishushe taratibu. Moshi utakuwa unachungulia chini ya ukingo wa bati, unajikunja kuja sebuleni. Endelea kushusha. Kuna mahali utaona unageuka wenyewe na kuvutwa ndani kama uzi. Weka alama ya chaki hapo. Ndicho kimo chako.

Plasta ya saruji ikatae kabisa ndani ya tumbo la meko na chumba cha moshi. Saruji ya kawaida ikipata joto la moto kila jioni hupoteza maji yaliyoishikamanisha, inapasuka na kubanduka vipande vipande, na nyuma yake nyufa za zamani zinabaki zimefichwa. Hapo dai tofali za kuhimili moto na mota yake maalumu, na maungio yawe membamba, yasizidi milimita 6. Saruji itumike kwenye slabu ya juu ya paa.

Mbele ya meko kuwe na sakafu isiyoungua: kwa mdomo wa sasa, sentimita 50 kwenda mbele na 30 kila upande. Zulia liishie nje ya hapo.

FundiPaa255

Doa la kahawia: angalia linakua lini. Likiongezeka baada ya mvua, tatizo ni flashingi, yaani bati la kuziba pale dohani inapokutana na paa. Mafundi wengi hulibandika kwa lami juu ya plasta, na jua na baridi vikipokezana, lami inaachia. Sahihi ni kukata mfereji kwenye ungio la tofali, kina cha sentimita 2.5, kukunja ukingo wa bati uingie humo, kisha kuziba kwa mota. Upande wa juu wa mteremko wa paa, dohani pana iwekewe kimgongo cha kugawa maji kushoto na kulia.

Doa likionekana siku za moto bila mvua, hilo ni joto au moshi, na nyumba isilaliwe meko ikiwa inawaka. Ndiyo maana napendekeza ukaguzi ufanyike Aprili mvua zikiwa zinaisha: mivujo bado inaonekana, na kuna muda wa kurekebisha.

HesabuKwanza

Kwenye malipo, lipia ukaguzi peke yake, na matengenezo yawe makubaliano mengine. Anayetegemea kupata kazi ya kubomoa atakuta cha kubomoa.

Andikeni kabla hajaanza kwamba utapokea picha za kila sehemu (tumbo, koo, chumba cha moshi, njia nzima, dari pande zote nne za dohani, slabu na kofia), vipimo, na hukumu ya kila tatizo: usiwashe kabisa, rekebisha kabla ya msimu, au angalia tena mwakani. Picha ya njia ya moshi iwe na futi au alama inayoonyesha ni mita ngapi kutoka chini, vinginevyo ufa hautaupata tena. Malizia malipo ukishazipokea. Na kwa kuwa mauziano hayajakamilika, ripoti hiyo ipeleke kwa muuzaji mjadili bei, au atengeneze yeye.

Hata ikipita, funga king'ora cha monoksidi ya kaboni sebuleni na kingine karibu na vyumba vya kulala, maana gesi hiyo haina harufu. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya meko kwa kudhani dohani itavuta: makaa hayatoi joto la kutosha kusukuma hewa juu. Ukisikia mngurumo kama wa lori ndani ya dohani, ni masizi yanawaka. Toa watu wote nje, piga 114 kwa Zimamoto, na usiwashe tena hadi ikaguliwe upya.

Mwashi_NyandaZaJuu

Baada ya matengenezo, mota mpya isipewe moto mkubwa siku ya kwanza. Fuata maelekezo ya mfuko kuhusu siku za kukauka, kisha moto wa vijiti tu, nusu saa, siku tatu au nne mfululizo, ukiongeza kidogo kila siku. Ukisikia mota inalia na kutoa mvuke, punguza. Na kila jioni ya baridi, anza kwa kuwasha karatasi moja ukiishika karibu na koo la dohani, hewa ya baridi iliyolala humo ipande kwanza. Ndipo uwashe kuni.