Darasa la watu 20, Wikipedia ya Kiswahili: nianzie wapi?

mkufunzi_k: Jumamosi nafundisha watu 20 ambao hawajawahi kuhariri. Wengine hata kushika kipanya bado ni kazi. Nianze na nini?

kalamu_bluu: Akaunti, tena wafungue nyumbani. Anwani moja ya IP (namba inayotambulisha mtandao mnaotumia) inaruhusiwa kufungua akaunti 6 tu kwa siku. Mkitumia waifai moja, mtu wa saba anagonga mwamba. Ikitokea, awashe data za simu yake.

Pwani2: Makala mpya siku ya kwanza, hapana. Kila mtu afungue makala fupi ya wilaya yake, abofye "Hariri", asahihishe sentensi moja tu, aandike muhtasari wa badiliko ("nimerekebisha tahajia"), ahifadhi. Halafu aongeze chanzo kimoja (kitabu au tovuti inayothibitisha habari). Akiharibu, mwonyeshe "Historia": matoleo ya nyuma yote yapo, unarudisha kwa kubofya mara mbili tatu. Hapo ndipo woga unapowatoka.

mkufunzi_k: Na kutafsiri kutoka Kiingereza?

kalamu_bluu: Ruksa, ila wataje makala ya asili kwenye muhtasari. Tafsiri ya mashine isiyopitiwa inafutwa, na haki yake! Kunakili gazeti nako ni kuvunja hakimiliki.