Mrejesho: nimeacha kupaka mafuta kichwani kila usiku

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza kwa nini nywele zangu za kipilipili zinakatika na kichwa kimejaa mba, ilhali nafuata ushauri wote: mafuta ya nazi kwenye ngozi kila usiku, kuosha mara moja kwa mwezi tu.

Sasa ni wiki ya kumi naosha kila Jumamosi. Muwasho umeisha kabisa! Kumbe fangasi wanaochangia mba hula mafuta hayohayo ya kichwani. Na mafuta si maji. Kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke, kwa hiyo ukipaka juu ya unywele mkavu, unabaki mkavu.

Nagawa mafungu manne, nalowesha, napaka kondishona, nachambua kwa vidole kuanzia nchani, ndipo chanuo la meno mapana. Zamani nilikuwa naokota bonge la nywele kama yai la kuku. Jumamosi iliyopita zilikuwa nyuzi chache tu sinkini, nikaita mama aje aone.

Pembeni mwa paji bado hapajajaa. Hapo naamini ni rasta za kubana, nimeshazifumua. Dada uliyenisihi nisinunue mafuta mengine kwanza, asante sana.