Inchi 6 au bainokula 10x50 kwa nebula ya sayari?

KoroshoGhafi: Wakuu habari za jioni, nataka kuchukua chombo kabla hela ya korosho haijayeyuka, nione nebula ya sayari, ile gesi ya nyota iliyokufa. Darubini ya kioo cha upana wa inchi 6 au bainokula 10x50 (inavuta mara 10, lenzi milimita 50)? Nishaurini.

Bi_Shangani: Bajeti? Uko wapi? Nebula ipi? Mnapenda kuuliza nusu nusu.

MtuWaNewala: Inchi 6 ya Dobson, ile ya kioo inayokaa kwenye stendi ya boksi chini, asikudanganye mtu. M57, nebula ya Pete kwenye kundi la nyota la Lyra, ni kadogo, zipange kama ishirini ndo upate upana wa mwezi, kwenye bainokula ni nyota tu. Ivute mara 100 ndo pete inatoka, tena kijivu, zile rangi za mtandaoni sahau.

Kusi: Wewe kila uzi Dobson. Mwezi huu wa 10 Lyra inawahi kushuka, nebula ya Helix ndo ya kwetu, saa tatu usiku iko karibu na utosi. Ni kubwa ila mwanga wake umetawanyika, ukienda ufukweni Msimbati kwenye giza bainokula inakuonyesha kiwingu hafifu. Mjini usijisumbue.

Bi_Shangani: Yoyote ile ila sio kama yangu. Nilichukua ya milimita 70 duka moja Dar, boksi limeandikwa mara 525 na picha ya Zohali juu, wakati lenzi hiyo ikivuka mara 140 unaona ukungu tu, stendi nayo ukiigusa inatetemeka mpaka nyota inakimbia, upepo wa bahari ukianza ndo basi, narudi dukani wananiambia dada hiyo ni ya mwezi.

FunditwaNdanda: Samahani, kwani nyota ikifa inakuwa sayari?

MtuWaNewala: Hapana. William Herschel miaka ya 1780 aliona viduara kama sayari, jina likaganda. Nyota saizi ya jua ikichoka inamwaga gesi yake ya nje, kiini kinachobaki kina moto balaa ndo kinaiwasha. Ndo maana ongeza filta ya OIII, kioo cha kuchuja mwanga, inapitisha mwanga wa oksijeni ya hiyo gesi.

FunditwaNdanda: Na jua letu?

Kusi: Miaka bilioni 5 hivi, korosho utakuwa ushauza.

KoroshoGhafi: Niko Naliendele, Mtwara. Hiyo Helix simu haiipigi picha?

Bi_Shangani: Bajeti hujasema bado.

Kusi: Simu peke yake ngumu. Ijumaa hakuna mwezi, nani ana gari la Msimbati?

MtuWaNewala: Njooni Newala bana, huku juu hakuna chumvi ya bahari ya kula vioo.

FunditwaNdanda: Mi nna pikipiki, hiyo inchi 6 inapanda?